Kutoka Kinango hadi Makueni: kufuata maji yaliyo chini ya mchanga

Kikundi chetu cha maji kiko Kinango, Kaunti ya Kwale, mahali ambapo silanga, yaani bwawa letu la kuchimbwa la maji ya mvua, likikauka watu huyafuata maji mbali kwa punda. Chini ya kijiji unapita mto wa msimu. Mvua ikinyesha hufurika na kuvuma usiku kucha, na baada ya siku chache unabaki mchanga mtupu. Kwa miaka mingi tumesikia kwamba Wakamba wa Makueni na Kitui wamejua kuuzuia mto wa namna hiyo na kuweka akiba ya maji ndani ya mchanga. Mwezi huu wa Septemba kikundi kilichanga nauli kikatuma watu watatu: mweka hazina wetu, mama ambaye hakuna shilingi inayompita bila kuandikwa, fundi wetu wa mawe, na mimi niliyepewa daftari. Nimeandika kwa ajili ya wenzetu waliobaki nyumbani, na kwa yeyote mwenye mto kama wetu.

Jumapili

Tumepanda treni Mariakani, ile inayosimama vituo vya kati. Nyika ya Taru imekauka, mibuyu haina jani hata moja. Tumeshuka Kibwezi, tukachukua matatu hadi Makindu, na chakula cha mchana tumekula kwenye hekalu la Masingasinga. Lilijengwa mwaka 1926 na hadi leo humlisha kila msafiri bila kumuuliza dini wala kabila. Mweka hazina aliuliza mara mbili kama kweli hakuna malipo, kisha akatia kitu kwenye sanduku la sadaka. Jioni tumefika Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni.

Jumatatu

Asubuhi tulichukua bodaboda kuelekea upande wa Kathonzweni. Mwenyeji wetu ni mwenyekiti wa kikundi cha kijiji, mama aliyepita miaka sitini. Kila kijana hapa humwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, nasi tukamwita hivyo hivyo. Hakutukalisha. Alitukaribisha kwa maji ya kunywa, akachukua fimbo yake, akatuongoza mtoni.

Ukisimama upande wa chini unaona ukuta wa mawe unaokizidi kimo cha mtu, umekatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Ukipanda upande wa juu huoni bwawa lolote. Unaona uwanja wa mchanga uliojaa hadi mdomo wa ukuta, umenyooka hadi mto unapopinda. Fundi wetu alitazama pande zote, kisha akauliza, "Mwaitu, maji yenyewe yako wapi?"

Mwaitu aliagiza vikombe viwili vya bati. Kimoja akakijaza mchanga mkavu, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukawa sawa na ukingo wa kikombe. "Kimejaa?" Tukasema kimejaa. Cha pili akakijaza maji, akaanza kuyamimina polepole juu ya mchanga. Maji yalizama. Akamimina tena, yakazama tena. Karibu theluthi ya kikombe ilikuwa imeingia ndipo mchanga ukaanza kung'aa kwa juu. Alitupa kile kikombe tukishike tusikie uzito wake, kisha akanyoosha fimbo kuelekea kwenye kona ya mto: "Sasa hesabu kutoka hapa mpaka pale."

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Mafuriko hubeba mchanga na tope pamoja. Mchanga ni mzito, hutua nyuma ya ukuta. Tope ni jepesi, huruka juu ya ukuta na kwenda zake na maji. Baada ya misimu michache ya mvua, sehemu ya nyuma hujaa mchanga mtupu, na kila mvua inayofuata huujaza maji mchanga huo. Jua haliyafikii. Maji yakishuka chini ya uso wa mchanga kiasi cha urefu wa mkono, hayakauki ovyo kama yanavyokauka kwenye silanga letu. Mbu hapati pa kutaga, ng'ombe hawezi kuyachafua, na mchanga wenyewe huyachuja. Ukutani kuna bomba linalotoa maji upande wa chini, na kando ya mto kimechimbwa kisima chenye pampu ya mkono. Faida nyingine sikuitarajia: maji hupenya hadi kwenye kingo, na maji ya visima vya majirani walio juu ya ukuta yakapanda.

Mweka hazina aliuliza walikuwa wanaishije kabla ya ukuta. Mwaitu alijibu akiwa anapampu. Walikuwa wakiondoka jogoo wa kwanza, wanachimba shimo mtoni, wanangoja maji yatoke kidogo kidogo, wanachota kwa kibuyu, na kurudi nyumbani jua likiwa utosini. "Binti yangu wa kwanza alikulia kwenye foleni," alisema. "Huyu wa mwisho anachota kabla ya kwenda shule, na hachelewi." Sikuona haja ya kuuliza zaidi.

Kando ya kisima kuna vitalu vya sukuma wiki, nyanya na vitunguu, na kitalu cha miche. Kila mwanachama ana tuta lake. Wanaouza sokoni huleta sehemu kidogo kwenye mfuko wa kikundi, na mfuko huo ndio unaonunua vipuri vya pampu. Pampu iliharibika mwaka jana, wakaitengeneza wiki hiyo hiyo. Nimelipigia mstari jambo hilo daftarini, kwa sababu kwetu tuna pampu iliyokufa na bado tunangoja aliyeileta arudi.

Usiku tumekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi. Fundi aliongezewa mara mbili.

Jumanne

Leo ilikuwa mwethya, kazi ya kusaidiana ya kijiji kizima, na kama ningeambiwa nichague siku moja tu ya safari hii ningechagua hii.

Kikundi cha kijiji jirani kinajenga ukuta mpya. Kazi lazima iishe kabla ya mvua za vuli za Oktoba, ambazo ndizo mvua za kutegemewa huku Ukambani kuliko za masika. Tulifika jua likichomoza, na tayari mto ulikuwa umejaa watu. Katibu, kijana mwenye daftari la mistari, alikuwa akiita majina nyumba kwa nyumba. Aliyekosa bila sababu hulipa faini, na faini iliamuliwa na wanakikundi wenyewe kabla ya jiwe la kwanza kusombwa. Mgonjwa huruhusiwa, na mzee asiyeweza kubeba hulea watoto wachanga chini ya mti au hukaa jikoni. Hakuna nyumba isiyo na kazi.

Walio wengi ni wanawake. Wanaume wengi wako Nairobi na Mombasa wakitafuta, na mwanamke ndiye anayebaki na shamba, watoto na mtungi. Wanawake ndio waliochimba mtaro, ndio waliosomba mawe, na nilifurahi kuona kwamba ndio pia walioshika viti vya mbele kwenye kamati. Haingekuwa haki kubeba mawe wao na kuamua mwingine.

Mtaro umekatiza mto mzima na umechimbwa hadi kwenye mwamba. Hapo ndipo fundi wetu alipotaka kukaa siku nzima. Mwamba husafishwa kwa ufagio hadi mchanga wote utoke, kisha hukaguliwa ufa kwa ufa. Ukiwa na nyufa, maji yatapita chini ya ukuta na kazi yote itakuwa bure. Palipo pazima hutobolewa matundu kwa nyundo na patasi, nondo husimamishwa ndani kwa simiti, ndipo mawe huanza kupangwa. Kati ya safu na safu hulazwa seng'enge ili ukuta ushikane. Mistari ya kina mama ilikuwa inapitisha mawe mkono kwa mkono kutoka ukingoni, na nyuma yao karai za simiti, na wimbo ukienda pamoja na mawe. Niliingia kwenye mstari. Jiwe linakufikia kabla hujapumua vizuri baada ya lile lililotangulia, na mama wa nyuma yako ana mtoto mgongoni na hajachoka.

Mawe haya hayakuletwa na lori. Yalikusanywa kwa miezi, kila nyumba na rundo lake, na rundo likapimwa na kuandikwa. Simiti na nondo vililetwa na shirika kutoka nje, pamoja na mhandisi wa kupima mto. Lakini mwaitu alitueleza mpangilio wake, na aliurudia ili niuandike sawasawa: kwanza kikundi kinajiandikisha, kinachagua viongozi, kinachimba matuta ya kuzuia udongo mashambani, kinakusanya mawe, ndipo kinaenda kuomba simiti. Asiyeweza kukusanya mawe pamoja hataweza kulinda maji pamoja. Naamini hili kwa moyo wote. Huko kwetu tumezoea kuanza na barua ya maombi.

Mchana, tukila isyo, mahindi na maharagwe, kwenye kivuli cha mkuyu, fundi wetu na fundi wao walibishana kuhusu mabawa ya ukuta, yaani ncha zake za pembeni. Wetu aliona yameingia ukingoni kupita kiasi, mawe yanapotea. Fundi wao alimshika mkono akampeleka kwenye ukingo, akamwonyesha alama ya mafuriko ya zamani juu kabisa ya udongo, mizizi ikiwa wazi. "Mto ukizuiwa katikati hutafuta pembeni," alimwambia. "Ukuta haubomoki, kaka, mto unauzunguka." Fundi wetu alipima kwa hatua, akaandika.

Jioni nilimuuliza mzee mmoja nani alianzisha haya. Alicheka. Mwethya, alisema, ulikuwepo kabla ya babu yake: watu kulimiana, kujengeana nyumba, leo kwako kesho kwangu. Kuta za kuzuia mchanga zilianza kujengwa Ukambani tangu enzi za ukoloni, katika miaka ya 1950. Kilichozifanya zienee ni pale wanakijiji walipozichukua kuwa zao. Watu hapa hutaja Utooni, huku huku Ukambani, ambako mwaka 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianza kikundi chao, na kazi yao ikawa shule kwa vikundi vingine. Upande wa Kitui, shirika la SASOL lilifanya kazi na wanavijiji wakajenga kuta kwa mamia, mto mmoja ukipata kuta nyingi zinazofuatana. Kuta nyingi kwenye mto mmoja ni wazo la kwenda nalo nyumbani: kila kijiji kinapata chake, na hakuna anayelia kwamba wa juu amemkatia maji.

Jumatano

Mwaitu alisema kama tumekuja kujifunza, tuone na palipoharibika.

Ukuta wa kwanza aliotuonyesha umesimama mzima katikati ya mto, lakini mto wenyewe hauko hapo. Umekula ukingo wa kushoto ukatengeneza njia mpya kando. Bawa la upande huo halikuingia ardhini vya kutosha. Mkandarasi alikuja na watu wake na mashine, akamaliza, akaondoka. Wakazi wa pale walikuwa wanajua kwamba ukingo ule ni wa udongo mwepesi na kwamba mafuriko huushambulia. "Tungeulizwa tungesema," alisema baba mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. "Hatukuulizwa." Hakuna aliyejitokeza kuziba, kwa sababu hakuna anayeuhesabu kuwa wake. Nilimwona fundi wetu akiwatazama wale mbuzi wakipita kwenye njia mpya ya mto. Hakusema neno mpaka tulipofika barabarani.

Mahali pa pili palinihuzunisha zaidi. Hapa ukuta ulijengwa vizuri na mchanga ukajaa, kisha malori yakaja usiku. Mchanga wa mto hununuliwa kwa ujenzi mijini, na kijana asiye na kazi hulipwa papo hapo kwa kupakia. Waliuchota mpaka mwamba ukaonekana, na mchanga ulipoondoka, maji nayo yakaondoka. Katika kaunti hii watu wameuawa kwenye ugomvi wa mchanga. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kusimamia matumizi ya mchanga, lakini kila tuliyeongea naye alisema sheria iliyoko Wote haisikii lori linaloingia mtoni saa nane ya usiku. Anayelisikia ni jirani. Kwa hiyo vikundi vimejipangia zamu, vimechimba mitaro kwenye njia za kushukia mtoni, na vimewaingiza vijana kwenye vitalu vya mboga ili wawe na kipato kinachotoka kwenye mchanga uliobaki mahali pake. Hii ya vijana mweka hazina wetu aliisisitiza nisiisahau. Sisi vijana wetu hatujawapa hata nafasi moja kwenye kamati.

Alhamisi

Leo tumepanda vilimani kuona matuta ya fanya juu. Mtu huchimba mtaro kukata mteremko, udongo anautupa upande wa juu, na kwa miaka shamba hujinyoosha lenyewe kuwa ngazi. Juu ya tuta hupandwa majani ya ng'ombe. Bila matuta haya mvua hushuka na udongo wote, na mtoni huja tope badala ya mchanga. Ndiyo maana mwaitu huanzia shambani.

Mzee aliyetutembeza alitukumbusha kwamba wakoloni waliwalazimisha watu kuchimba matuta, watu wakayachukia. Mwaka 1938, serikali ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe kwa madai kwamba wanaharibu ardhi, Wakamba kwa maelfu walikwenda Nairobi kwa miguu wakiongozwa na Muindi Mbingu. Alikamatwa akahamishiwa Lamu, huko kwetu Pwani. Baadaye watu hawa hawa, kwa mwethya wao wenyewe na kwa majembe yao, wakachimba matuta kuliko wakoloni walivyowahi kuota. Jembe lilikuwa lile lile. Safari hii aliyeamua lichimbe wapi ni mwenye shamba.

Maembe yalikuwa bado machanga mtini. Kuna ya aina ya epo, kenti, na hata ngowe yetu ya Pwani. Huko Kalamba kaunti ilifungua kiwanda cha kusindika matunda mwaka 2017, na wakulima wanasema angalau sasa broka hawezi kuwatajia bei kama mfalme. Miche ya miembe tuliyoiona ilimwagiliwa kwa maji ya mchangani.

Ijumaa

Siku ya makaratasi, tukiwa Wote. Nitaandika kwa kifupi lakini wenzangu msiruke.

Tangu kaunti zianze mwaka 2013, Makueni chini ya gavana wa kwanza Kivutha Kibwana ilijenga utaratibu wa wananchi kuanza kujadili miradi kijijini, kisha mapendekezo yakapanda ngazi hadi wadi na kaunti. Mradi ukipita, wananchi huchagua kamati ya kuusimamia, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi kwamba kazi imeridhisha. Tulikaa na wanakamati wawili, mwalimu mstaafu na mama muuza mboga. Mama alitusimulia walivyokataa kutia sahihi kwa darasa ambalo sakafu yake ilikuwa inapasuka. Mkandarasi alirudi akaivunja akaimwaga upya. Alisimulia bila kujigamba, akipanga nyanya zake mafungu mafungu.

Kuhusu ukuta wa mtoni, tunahitaji haya: kikundi kiwe kimeandikishwa, kibali kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa sababu hakuna mtu mwenye mto, na mkataba wa maandishi na wenye ardhi pande zote mbili, wakikubali kwamba njia ya kuendea maji itabaki wazi kwa wote, hata shamba likiuzwa au likirithiwa. Huu wa mwisho ndio ambao vikundi vingi huuchelewesha, kwa kuwa mwenye ardhi ni ndugu au rafiki. Kisha mzee hufa, wanawe hugawana, na lango hufungwa kwa minyororo. Mwanakamati yule mwalimu alitushauri wana watie sahihi pamoja na baba yao.

Jumamosi

Treni ya kurudi. Mweka hazina tayari amechora daftari jipya: nyumba, mawe, siku za kazi, faini. Mimi na fundi tumebishana tangu Kibwezi. Yeye anataka kona ya juu ya mto wetu, kwenye mkwaju mkubwa, ambako mwamba unaonekana. Mimi nilipendelea kona ya chini, karibu na shule. Tulipofika Mtito Andei alikuwa amenishinda: karibu na shule hakuna aliyewahi kuufikia mwamba, na yeye alichimba pale choo.

Lakini ardhi ya kona ya juu, upande mmoja, ni ya familia ambayo kikundi hakijawahi kuzungumza nayo. Tulipofika Voi mtandao ulirudi, na mweka hazina akampigia mzee mwenyewe. "Shikamoo baba," alianza, akaeleza yote kwa utaratibu, mkataba na sahihi za wana pamoja. Mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema atakaa na wanawe kwanza, na kwamba tuje wote, si viongozi peke yao.

Basi mkutano ni Jumapili ya wiki ijayo, saa nane mchana, kwenye mkwaju. Kila nyumba ilete jembe, sululu au mtaimbo. Mzee akituruhusu, tutachimba mashimo matatu kukatiza mto siku hiyo hiyo tujue mwamba uko kina gani. Vijana waje pia, kuna viti viwili vya kamati vinavyowangoja.